Chuo kikificha jinai, chama cha michezo kiadhibu?

MASWALI YENU, na Bi Wakili

SWALI: Shikamoo Bi Wakili. Mpwa wangu anasoma Pennsylvania, na kila tukipigiana simu tunaishia kubishana juu ya chuo cha Penn State na yule kocha Jerry Sandusky. Mimi nasema NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ilikuwa laini mno mwaka 2012. Timu ingefungwa kabisa, na uwanja wao ungelimwa mahindi. Yeye anasema jinai ni ya polisi na mahakama, chama cha michezo kiangalie michezo. Wewe ulikuwa mkimbiaji wa chuo cha hukohuko, kisha ukasomea sheria. Tuamulie.
Mjomba wa Mbishi

JIBU: Marahaba, Mjomba. Kila mmoja ana kipande chake cha haki, ila cha mpwa wako ni kikubwa kuliko chako. Na nyote wawili mmelirukia jambo ambalo mimi naona ndilo lenyewe. Nitalifikia.

Kwa wasomaji ambao hawakuifuata kesi: Sandusky alikuwa kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani pale Penn State kwa miaka 30 hivi, hadi 1999. Mwaka 1977 alianzisha taasisi ya hisani ya watoto wenye maisha magumu, The Second Mile, na humo ndimo alimowapata watoto aliowadhulumu kingono. Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika kwa polisi wa chuo. Likachunguzwa, likaisha bila mashtaka. Februari 2001 kijana aliyekuwa akijifunza ukocha, Mike McQueary, alimkuta Sandusky bafuni na mtoto wa kiume, usiku, ndani ya jengo la timu. Kesho yake akaenda nyumbani kwa kocha mkuu, Joe Paterno, akamweleza. Paterno akalipeleka kwa mkurugenzi wa michezo, Tim Curley. Curley na makamu wa rais wa chuo, Gary Schultz, wakalifikisha kwa rais mwenyewe, Graham Spanier. Polisi hawakuambiwa. Ustawi wa jamii hawakuambiwa. Sandusky akaambiwa asilete tena watoto kwenye majengo ya michezo, yakaishia hapo. Akakamatwa Novemba 2011. Miaka kumi baadaye!

Sasa angalia serikali ilifanya nini. Juni 2012 Sandusky alipatikana na hatia kwa makosa 45, akahukumiwa kifungo kisichopungua miaka 30 na kisichozidi 60. Wale waliofunika kombe mwanaharamu apite nao walifikiwa, japo kwa kujivuta: mwaka 2017 Curley na Schultz walikiri kosa la kuhatarisha ustawi wa mtoto, Spanier akatiwa hatiani kwa kosa kama hilo, na wote watatu walionja jela, kwa miezi michache tu. Spanier hakuingia mpaka 2021, rufaa zilipokwisha. Wizara ya Elimu ya Marekani ilikitoza chuo karibu dola milioni 2.4 mwaka 2016, kwa sheria inayoitwa Clery, inayovilazimisha vyuo kutangaza takwimu za uhalifu na kutoa tahadhari. Fidia ambazo chuo kiliwalipa waathirika zimepita dola milioni 100. Kwa hiyo mpwa wako akikwambia mkono wa sheria ulikuwepo, anasema kweli.

NCAA ni kitu kingine. Ni chama cha hiari cha vyuo vyenyewe, kilichoanzishwa 1906 baada ya vijana wengi kufa viwanjani na Rais Theodore Roosevelt kuwaita wakubwa wa vyuo wajirekebishe. Hakina askari. Hakiwezi kumlazimisha shahidi afike, wala kumfunga anayekidanganya. Na mwaka 1988, katika kesi ya kocha wa kikapu Jerry Tarkanian, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema NCAA si chombo cha serikali. Yaani zile haki za Katiba zinazoibana serikali inapomwadhibu mtu, haziibani NCAA. Mjomba, hebu likalie hilo kidogo. Chombo kisicho na nguvu ya kuchunguza, na kisichobanwa kumsikiliza anayeshtakiwa, ndicho unachotaka kukikabidhi jinai?

Tuliona kilivyofanya. Wadhamini wa Penn State walimwajiri Louis Freeh, mkurugenzi wa zamani wa FBI, achunguze. Ripoti yake ilitoka Julai 12, 2012, ikasema wakubwa wanne walificha, Paterno akiwamo. (Familia ya Paterno iliipinga ripoti hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki Januari, hajashtakiwa kwa lolote.) Siku 11 baadaye rais wa NCAA, Mark Emmert, alikuwa mbele ya kamera na adhabu mkononi. Chama hakikufanya uchunguzi wake. Kamati yake ya makosa, ile yenye notisi, muda wa kujibu na kikao, iliwekwa kando. Rais mpya wa chuo, Rodney Erickson, akatia saini ya kukubali kila kitu, kwa sababu upande wa pili alionyeshwa uwezekano wa timu kufungiwa miaka kadhaa.

Adhabu ilikuwa nzito. Faini ya dola milioni 60, iliyokadiriwa kuwa sawa na mapato ghafi ya timu kwa mwaka mmoja. Miaka minne bila mechi kubwa za baada ya msimu. Wachezaji wanaolipiwa masomo wapunguzwe kutoka 85 hadi 65. Ushindi 112 wa kuanzia 1998 hadi 2011 ufutwe.

Kanuni gani ilivunjwa? Ukiisoma hati yenyewe utakuta maneno mapana kuhusu uadilifu na kuhusu chuo kuwa na udhibiti juu ya idara yake ya michezo. Mstari unaosema "ukijua mtoto anadhulumiwa katika jengo la timu, toa taarifa" haukuwamo. Na hawa si watu wanaoshindwa kuandika kanuni, nakuhakikishia. Mwenzangu wa chumba, mrusha mkuki, aliwahi kupewa lifti ya kwenda uwanja wa ndege na shabiki mmoja mstaafu. Afisa wa kanuni akamwita. Alijaza fomu: nani alimbeba, gari gani, umbali gani, akaambiwa atoe thamani ya safari ile kwa taasisi ya hisani ndipo aruhusiwe kushindana. Na kuna wakati chuo kiliruhusiwa kumpa mchezaji beigeli, ule mkate wa mviringo wenye tundu, kama kitafunwa. Ukipakwa jibini laini ulihesabika mlo, na mlo ulikuwa na kanuni zake. Chama kilichokaa kikao juu ya cha kupaka kwenye mkate hakikuwahi kukaa juu ya hilo la bafuni.

Ndiyo maana adhabu haikusimama. Seneta wa jimbo, Jake Corman, alifungua kesi, awali kwa ajili ya zile dola milioni 60 zibaki Pennsylvania. Kesi ikakua. Barua pepe za ndani za NCAA zikatoka, zikaonyesha kwamba maofisa wake wenyewe walikuwa na shaka kama wana mamlaka hayo, na walijua kwamba sehemu ya mchezo ni kutishia nyau. Kidogo kidogo wakalegeza: nafasi za ufadhili zikaanza kurudishwa 2013, marufuku ya mechi kubwa ikaondolewa 2014, na Januari 2015 wakafikia mapatano ambayo ushindi wote 112 ulirudi. Kilichobaki ni pesa, zote zikaelekezwa kwenye kazi ya kuzuia na kutibu unyanyasaji wa watoto humohumo Pennsylvania. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu pekee ya adhabu ile iliyokuwa na akili tangu mwanzo.

Najua utakachonijibu: bila kugusa mpira wao hawasikii. Hapo uko sawa, Mjomba. Usiku ambao Paterno alifukuzwa, Novemba 2011, wanafunzi waliingia barabarani kwa maelfu, wakapindua gari la kituo cha televisheni. Hasira ilikuwa kwa ajili ya kocha. Uwanja wao unaingiza watu zaidi ya laki moja. Katika mji wa namna hiyo, kusema jambo litakaloichafua timu kunataka moyo. Hilo la jengo la timu kugeuka mahali ambapo sheria inasita mlangoni, hilo ndilo la michezo, wala si la polisi peke yao. Mpwa wako amelisahau.

Na hapa ndipo naposimama mimi. Jinai yenyewe waachiwe polisi na mahakama. Kitendo cha kuificha kwa ajili ya timu, chama kina haki ya kukiadhibu, lakini kwa kanuni iliyoandikwa kabla, na adhabu imwangukie aliyeshika simu asiipige. Kanuni iseme nani anatakiwa kutoa taarifa, kwa nani, ndani ya saa ngapi. Asiyetoa afungiwe kazi ya michezo ya vyuo, chuo kitozwe pesa ziende kwa waathirika. Na anayetoa alindwe. McQueary huyo tuliyemtaja alipoteza kazi yake Penn State baada ya mambo kufumuka. Mwaka 2016 mahakama ikaamuru alipwe dola milioni 7.3 kwa kuchafuliwa jina na kudanganywa, na jaji akaongeza karibu milioni 5 kwa jinsi alivyotendewa baada ya kutoa taarifa. Kocha kijana anayetazama kisa hicho atajifunza nini kuhusu kusema?

Kufunga timu, hapana. Waliofungiwa mechi kubwa za baada ya msimu wa 2012 walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 22. Mwaka 2001, McQueary alipokuwa akigonga mlango wa Paterno, wengi wao walikuwa shule ya msingi.


SWALI: Bi Wakili, niliwahi kukusoma ukigusia Penn State. Mbona Michigan State haikuguswa na NCAA kwa yale ya daktari Larry Nassar? Wasichana hawahesabiwi?
Dada Mwenye Hasira

JIBU: Dada, hasira yako ni yangu pia, ila sababu ni chafu kwa namna nyingine.

Nassar alikuwa daktari wa chuo na pia wa timu ya taifa ya jimnastiki. Januari 2018, katika mahakama ya kaunti ya Ingham, wanawake na wasichana zaidi ya 150 walisimama mbele ya jaji kwa siku saba wakieleza alivyowadhulumu kingono. Akafungwa miaka 40 hadi 175. Chuo kiliahidi dola milioni 500 kwa waathirika, milioni 425 kati ya hizo kwa watu 332 waliokuwa wameshajitokeza. Wizara ya Elimu ilikitoza milioni 4.5 mwaka 2019. NCAA? Ilituma barua ya kuuliza mwezi huohuo wa Januari, na Agosti 2018 ikajibu kwamba haikuona kanuni yake iliyovunjwa.

Kwa kanuni zao, jibu hilo ni sahihi. Hakukuwa na mstari, kama nilivyomwambia Mjomba. Tofauti ni kwamba 2012 walijifanya upo, wakaumbuka mahakamani, na 2018 wakawa wameshaogopa. Kwa hiyo chuo kimoja kiliadhibiwa bila kanuni, kingine kikaachwa kwa kukosekana kanuni, na mwathirika wa huku na wa huko hana namna ya kueleza tofauti yao ni nini. Mimi nafundisha wanafunzi wa sheria, nami sina.

Chuo cha Baylor, huko Texas, ndicho kinachonikera zaidi. Mwaka 2016, baada ya uchunguzi kuonyesha jinsi chuo kilivyoshindwa kushughulikia mashtaka ya ubakaji, yakiwamo ya wachezaji wa futiboli, kocha Art Briles aliondolewa na rais wa chuo, Kenneth Starr, akavuliwa cheo. NCAA ilichukua hadi Agosti 2021 kutoa uamuzi. Chuo kilijitetea hivi: ni kweli tulishindwa kimaadili, lakini tulishindwa kwa wanafunzi wote, hatukuwapendelea wachezaji. Na kwa kuwa kanuni za NCAA zinakataza mchezaji kupewa asichopewa mwanafunzi wa kawaida, jopo likakubali, kwa shingo upande kama lilivyoandika lenyewe. Umeona? Kadiri uozo ulivyoenea chuo kizima, ndivyo kosa la michezo lilivyopotea. Kwa makosa mengine yaliyobaki walipewa miaka minne ya uangalizi na faini ya dola 5,000. Elfu tano.

Chuo hichohicho kilikuwa na kisa kingine, 2003, nacho kinanisaidia kuonyesha namna chama kinavyoweza kufanya kazi yake bila kujifanya mahakama. Mchezaji wa kikapu aliuawa na mchezaji mwenzake. Mauaji yakaenda mahakamani, muuaji akafungwa. Lakini kocha, Dave Bliss, alikuwa akimlipia marehemu karo kinyume cha kanuni, na ili kuficha pesa hizo akawashawishi watu wake waseme kijana alikuwa akiuza dawa za kulevya. Marehemu, tena! Kocha msaidizi mmoja akamrekodi kisirisiri. NCAA haikugusa mauaji. Ilishika pesa na uongo, na mwaka 2005 ikamwekea Bliss kizuizi cha miaka 10: chuo chochote kinachotaka kumwajiri kije kwanza kijieleze mbele ya kamati. Chuo nacho kilinyimwa mechi zote za nje ya ligi yake kwa msimu mmoja. Sehemu ya Bliss naipenda, kwa sababu ina jina lake. Hiyo ya chuo iliwaangukia wachezaji ambao hawakuwa na lolote.

Kwenye michezo ya Olimpiki Wamarekani wamepiga hatua ambayo vyuo havijapiga. Tangu 2017 kuna kituo cha SafeSport, kilichopewa nguvu na sheria ya Bunge mwaka 2018, ambacho ni tofauti na mashirikisho yenyewe na kinaweza kumfungia kocha maisha. Kinalalamikiwa kwa ucheleweshaji, na malalamiko yana msingi. Lakini anayechunguza siye anayeuza tiketi. NCAA yenyewe ilipitisha sera mwaka 2017 inayomtaka mkuu wa chuo, mkurugenzi wa michezo na mwenzao wa masuala ya jinsia wathibitishe kila mwaka kwamba makocha na wachezaji wamefundishwa kuzuia ukatili wa kingono. Saini kwenye karatasi. Kitu ni afadhali kuliko hakuna, ila hata Spanier angeisaini.


SWALI: Binti yangu amepata ufadhili wa kuruka juu kwenye chuo cha Marekani. Chuo kikija kuadhibiwa kwa makosa ya wakubwa, yeye atarudishwa nyumbani?
Mama wa Mrukaji

JIBU: Hongera, mama, na ondoa wasiwasi. Mara nyingi adhabu hushika timu iliyohusika, siyo kila mchezo wa chuo. Hata pale Penn State, wachezaji wa futiboli waliruhusiwa kuhama na kucheza papo hapo kwingine, na waliobaki wakaruhusiwa kuendelea na ufadhili hata kama hawachezi tena. Siku hizi kuhama ni rahisi kuliko ilivyokuwa enzi zangu.

Mimi ningekushauri uulize mengine. Daktari wa timu anaripoti kwa nani: kwa kocha, au kwa hospitali ya chuo? Mchezaji akitibiwa, anaweza kumwita mtu mwingine awepo chumbani? Ofisi ya malalamiko iko jengo gani, na ni nje ya idara ya michezo? Mwulize kocha kwa simu, si kwa barua pepe, usikie anavyojibu. Wengi watakujibu vizuri, na mmoja mmoja atakuuliza kwa nini unauliza.


SWALI: Swali fupi tu. Chuo cha SMU, huko Texas, kilifungiwa timu nzima ya futiboli mwaka 1987. Waliua nani?
Fundi

JIBU: Hawakumgusa mtu. Waliwalipa wachezaji pesa za pembeni, wakakamatwa, wakaendelea. Kanuni ya mkosaji wa kurudia ilikuwapo, ikatumika: msimu wa 1987 ukafutwa, na wa 1988 chuo chenyewe kikaona hakiwezi kuunda timu. Nilikuwa chuoni Marekani wakati huo, na makocha wetu walilisema jina la SMU kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Walichukua miongo miwili kurudi kwenye mechi kubwa ya mwisho wa msimu.

Pesa kwa mchezaji, ambayo leo ni halali kwa njia kadhaa, ndiyo iliyoleta adhabu kali kuliko zote katika historia ya chama kile.


SWALI: Bi Wakili, hivi ule ushindi 112 wa Penn State uliofutwa ulikwenda wapi? Waliofungwa walihesabiwa wameshinda?
Mpenda Takwimu

JIBU: Hapana, waliofungwa walibaki wamefungwa. Upande mmoja ulipoteza, mwingine haukupata kitu. Ndiyo hesabu ya NCAA. Paterno alishuka kutoka 409 hadi 298, na kwa muda Bobby Bowden wa Florida State akawa juu yake kwa 377. Mapatano ya 2015 yakamrudisha kwenye 409.

Ukiniuliza mimi, wasingeufuta. Mechi zilichezwa, watu walizitazama. Kama walitaka kushughulika na jina la Paterno, kulikuwa na mlango wa nyumba yake, na yaliyosemwa humo mwaka 2001.